Daraja Lililoletwa na Meli

6 Novemba

Nimeanza kuandika kwa sababu Carolyne, Mkenya, anaongea mno. Chumba chetu cha Najma, mtaa tunaokaa huku Uarabuni, kina vitanda vinne na mdomo mmoja, nao ni wake. Akiwa macho hakuna mwingine anayepata nafasi, basi yangu nitayasema humu.

Leo bustani ya wageni tunayofanyia kazi imefunguliwa rasmi kwa msimu wa baridi. Nimepangiwa loki. Nilipomweleza mama kwenye simu hakuelewa, nikamwambia ni chumba cha maji kwenye mto wa kuchimba, chenye milango miwili mikubwa, mmoja juu, mmoja chini. Mashua ikitoka bwawa la juu inaingia, nafunga nyuma yake, nazungusha mpini, vilango vidogo vya chini vinafunguka, maji yanapungua, mashua inashuka nayo taratibu kama mtu anayeketi. Kisha nafungua mlango wa chini, inatoka. Mama akauliza, "Na huo mto unatoka wapi huko jangwani?" Nikasema unatoka kwenye bomba. Akacheka, akadhani namtania.

Daraja linalopita juu ya loki si la kuiga. Lilivunjwa huko Uingereza, kwenye mto wa shamba, likaletwa na meli, tofali kwa tofali, pamoja na kuta za loki. Kibao kinasema limevusha mikokoteni ya ngano kwa miaka zaidi ya mia mbili. Pembeni mwa tao matofali yana michirizi mirefu, imechimbwa na kamba za watu waliokuwa wakivuta mashua. Wageni hupenda kutia vidole mle. Nami nilitia vyangu, nikiwa peke yangu.

9 Novemba

Anayeendesha mashua ya pili ni Salum, mtu wa Wete, Pemba. Ana adabu ya zamani. Haniiti kwa mluzi kama wengine. "Bi Mwana, tuko tayari." Na mashua ikishashuka: "Ahsante, Bi Mwana." Niliolewa miaka sita, nikaachwa kwa ujumbe wa simu. Sikumbuki kama niliwahi kuambiwa ahsante kwa kufungua mlango.

15 Novemba, Ijumaa

Watu wengi. Katika mashua ya Salum nimemwona mtumishi wa nyumbani, mweusi, baibui jeusi, mtoto mapajani. Nilipomwambia Salum "ngoja kidogo" kwa Kiswahili, akainua uso. "Dada, wewe wa wapi?" Muheza, nikamwambia. Yeye wa Lindi, anaitwa Salma. Loki inachukua muda kidogo kumaliza maji, na muda huo wote tuliongea, mimi juu ya ukuta, yeye akizidi kwenda chini, mpaka nikawa naongea na utaji wake tu. Mama mwenye nyumba, mwajiri wake, aliyeketi mbele yake, hakukataza.

18 Novemba

Carolyne amemaliza sukari yangu. Anasema ameikopa.

29 Novemba

Ijumaa tena, Salma tena. Yule mtoto wa mwajiri anaitwa Nuura, wa miaka mitatu, na amefundishwa na Salma kusema "shikamoo". Ananiamkia kutoka kwenye mashua, nami naitika marahaba kwa sauti kubwa. Salma wa kwake wako Lindi, wawili, wanalelewa na kaka yake Idrisa. Mdogo alimwacha ananyonya. Alisema hivyo huku anamfuta Nuura pua, bila kubadilisha sauti.

8 Desemba

Salum amenikuta mapumzikoni nyuma ya kibanda cha tiketi. Akaongea habari za hali ya hewa kwanza, kisha habari za Pemba. Halafu akasema, "Bi Mwana, wazee wako wa Muheza wanapatikana kwa namba gani?"

Nikamwuliza, wa nini?

"Mtu haulizi wazee wa mtu kwa sababu ya bei ya karafuu," akasema.

Sikumpa namba. Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri tangu saa tisa mpaka sasa.

9 Desemba

Nimempa namba ya mjomba.

19 Desemba

Upepo na vumbi. Carolyne amerudi kutoka kazini na habari zake. Anauza chai pale juu ya daraja, anaona kila kitu, na asichokiona anakitunga. "Mwana, huyo Salum wako, nakushow tu kama dada. Kuna siku mteja alilalamika mashua imegonga ukuta. Salum akasema ni yule kijana Mnepali wa mashua ya kwanza alisukuma. Na mimi nilikuwa hapo. Hakuna Mnepali alisukuma kitu."

Nikamwambia wivu utamzeesha. Akajifunika blanketi, jambo ambalo sikulitegemea.

27 Desemba, Ijumaa

Rodney, msimamizi wetu, amekuja na agizo. Foleni ni ndefu, wageni wananung'unika, basi kuanzia sasa mashua mbili ziingie lokini kwa mkupuo.

Nikamwonyesha mstari mweupe ukutani. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti, ukingo wa jiwe uliotokeza, na loki ikijaa hauonekani. Mashua ikiwa nyuma ya mstari, maji yakishuka itakalia jiwe kwa nyuma huku mbele inazidi kwenda chini. Mashua mbili zinaingia, ndiyo, lakini ya nyuma inagusa mstari wenyewe.

"Inagusa ama inapita?" Rodney akauliza.

"Inagusa. Kamba ikilegea kidogo, inapita."

"Basi kamba isilegee," akasema. "Mwana, mimi pia nina mtu juu yangu ananipigia simu. Fanya hivyo tu."

Salum alikuwa amesimama pale pale. Nilimtazama aseme neno, maana mashua ya nyuma ndiyo yake. Akasema, "Tutaangalia, bosi."

3 Januari, Ijumaa

Tumeshusha mbili mbili kutwa nzima. Hakuna kilichotokea. Rodney amenipita akicheka, akanigonga bega.

11 Januari

Mjomba amepiga simu. Ameongea na mtu wa Pemba aliyetumwa na Salum, anamsifu ulimi wake. Mama ameshaanza kuuliza rangi ya kanga.

18 Januari

Haya ya jana nitayaandika yote, maana tangu asubuhi nimeshasikia yakisimuliwa vingine.

Ijumaa, baada ya Alasiri, foleni imefika getini. Mashua ya kwanza iliingia na watalii. Ya pili ya Salum: mama mwenye nyumba wa Salma, mdogo wake, Nuura, na Salma ameketi nyuma kabisa na mtoto. Nuura akaniamkia. Nikafunga mlango wa juu.

Yule mdogo wa mama alimpa Salum simu yake awapige picha. Salum akaenda mbele ya mashua, akageuka kuwatazama wao, mgongo kwa mlango wa chini. Kamba aliiacha. Niliiona imelala juu ya ukuta, imejikunja.

Nikaita, "Salum, umeshika kamba?"

"Fungua, Bi Mwana, niko sawa."

Nikafungua. Sitaki kuandika vingine. Nilikuwa na macho, niliiona kamba, na alisema fungua, nikazungusha mpini.

Maji yalianza kwenda. Mashua ikarudi nyuma taratibu sana. Kisha nikasikia mkwaruzo, kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Nyuma imekalia jiwe. Mbele inashuka. Wale wanawake wakaanza kucheka kwanza, wakadhani ndiyo mchezo wenyewe, halafu viti vikateleza na kicheko kikakatika. Nuura akaponyoka. Salma akamdaka kwa mkono wa kushoto, wa kulia akashika ubavu wa mashua, maana hakukuwa na kingine cha kushika.

Nikazungusha mpini kinyume, vilango vikafunga. Ilibidi niuchomoe nikimbie nao upande wa juu nikaingize maji, kwa kuwa tuna mpini mmoja tu. Niko katikati ya daraja nikaisikia mashua ikichomoka kwenye jiwe kwa uzito wake. Ilidondoka, ikayumba, ikajibamiza ukutani. Kwenye matofali yale yale ya miaka mia mbili. Mkono wa Salma ulikuwa kati.

Hakupiga kelele. Mtoto ndiye aliyelia. Salma alikuwa anamwambia, "Basi mama, basi, tumefika," huku utaji wake unalowa damu.

Carolyne aliruka kutoka kwenye daraja na taulo za kibanda chake, akaingia majini mpaka kifuani, akamfunga mkono. Salum alikuwa bado ana simu ya watu mkononi.

Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Lilimchukua Salma, na mama mwenye nyumba akapanda na mtoto wake, aangaliwe kama ameumia. Hajaumia.

19 Januari

Vidole vitatu vimekatwa. Cha shahada, cha kati, cha pete.

21 Januari

Nimekwenda hospitali na Carolyne baada ya zamu. Mlinzi wa wodi, kijana wa Kenya, ametuambia kwa upole kwamba mwajiri amesema asionwe na mtu. Carolyne akabishana naye kwa lugha yao mpaka akatoa jina la kijiji cha mama yake, lakini wapi. Tumeacha machungwa.

Njiani nilimwuliza kwa nini aliruka majini na hajui kuogelea. Akasema, "Hata mimi sijui, Mwana. Nilikuwa nimeshafika ndani ndiyo nikakumbuka." Kisha akaongea habari za nywele zake mpaka Najma.

24 Januari, Ijumaa

Loki imefungwa. Salum ameniomba tuonane msikitini, upande wa nje, mbele za watu, kama mtu mwenye heshima.

Akasema kuna mtu wa kampuni atakuja Jumapili kutuhoji. Akasema ameshaongea na Rodney. Jambo litakwenda vizuri kama sote tutasema neno moja: abiria alikatazwa kutoa mkono nje, akautoa.

"Nani alimkataza?" nikauliza.

"Mimi nilimkataza."

"Lini?"

Akatazama viatu vyake. "Bi Mwana, nisikilize. Mimi kule Wete nina mama mgonjwa, na sasa nina neno kwa mjomba wako. Wewe ndiye uliyeshika mpini. Wakianza kutafuta mtu, wataanza na mpini. Ninakukinga wewe."

"Na Salma?"

"Yule ana mwajiri wake. Watamtazama."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya "ahsante, Bi Mwana." Hicho ndicho kilichonitisha. Nilikuwa nadhani adabu inatoka ndani.

26 Januari

Ofisini. Mtu wa kampuni ana miwani na sauti ya chini, anaongea Kiarabu na Kiingereza, Rodney anatutafsiria. Simu iko mezani, upande wa pili yuko mama mwenye nyumba, wamemwunganisha asikie.

Salum alianza. Alimkataza abiria, abiria akatoa mkono. Alisema kwa huzuni nzuri.

Nikaulizwa mimi. Nikasema yote. Mashua mbili, mstari mweupe, kamba ukutani, simu ya picha. Nikasema niliiona kamba na nikafungua, kwa hiyo na langu limo. Nikasema nilimwonya Rodney tangu Desemba. Rodney alitafsiri mpaka hapo, pale akakohoa. Nikalirudia kwa Kiingereza changu kibovu. Mtu wa miwani akaandika.

Carolyne hakuwa ameitwa. Alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akaweka sinia chini, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, ambacho sikujua anacho, kwamba alikuwa juu ya daraja, anayesema kweli ni mimi, na hakusikia mtu akimkataza mtu chochote. Rodney akamwambia atoke. Akatoka, chai ikabaki chini.

Nilifikiri tumeshinda. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyofikiri.

Mtu wa miwani akainamia simu, akasema apewe mtumishi mwenyewe. Tukasikia nguo, kikohozi, kisha sauti ya Salma, kwa Kiarabu cha nyumbani.

"Ana ghaltana," akasema. Kosa ni langu. Nilitoa mkono mwenyewe. Hakuna aliyenikosea.

Akaulizwa mara ya pili, polepole. Akajibu vile vile.

Mtu wa miwani akavua miwani, akanitazama mimi kwa muda. Si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyemgombania mwenzake, kumbe mwenzake hakumtuma.

27 Januari

Salum amenipita kwenye basi, akakaa kiti cha mbele.

28 Januari

Mjomba amepiga simu. Mtu wa Pemba amesema kijana ameona wasubiri. Mama hataki kuongea, amempa mjomba simu. Nikamwambia mjomba amwambie mama kwamba ni mimi niliyekataa. Mjomba akasema, "Haya, mwanangu." Sijui kama atasema.

2 Februari

Milango ya loki imefungwa kwa minyororo ikiwa wazi. Wamesawazisha maji, juu na chini sasa ni kimo kimoja, mashua zinapita moja kwa moja chini ya daraja. Wageni hawajauliza. Mimi nimepelekwa vyooni, upande wa wanawake. Carolyne amehamishiwa kantini ya kambi ya wafanyakazi, Industrial Area, kumenya vitunguu. Rodney alisema hayo ni mabadiliko ya kawaida.

Amefungasha leo. Alitaka kuniachia sukari, kilo nzima. Nikamwambia aichukue. "Nilikuambia juu ya Salum," akasema akiwa ameshika mlango. Ndiyo, aliniambia. Hata siku ya kuondoka hakuweza kuliacha lipite.

Chumba kimya. Wenzangu wawili wanalala mchana. Ningempa mtu sukari yote aje aongee.

14 Februari

Mvua. Imenyesha saa moja na barabara za Najma zimekuwa mito, magari yamezimika, watu wamekunja suruali wakipita na viatu mkononi. Kule bustanini wamefunga kwa sababu ya maji.

21 Februari

Ujumbe wa sauti kutoka namba ya Tanzania. Salma.

Yuko Lindi tangu wiki ya kwanza ya mwezi. Mama mwenye nyumba alimwambia pale hospitali: ukisema kosa lako, nitakurudisha kazini, Nuura anakulilia. Akasema kosa lake. Alirudi akakaa siku chache. Kisha wakaona hawezi kumvalisha mtoto viatu, hawezi kukamua nguo, na Nuura anauogopa ule mkono. Wakamkatia tiketi.

"Nilikusikia siku ile, dada," alisema. "Simu ilikuwa wazi tangu mwanzo. Nilimsikia na yule mwenzako wa Kenya. Nilikuwa nalia, lakini mama ameketi kitandani kwangu, ameshika simu. Usiniwekee moyoni."

Nilimpigia. Tuliongea kidogo, mtandao ulikatika mara mbili. Hakulalamika. Lakini kabla ya kukata akasema ana ombi.

Mtaani wanasema ameiba. Wanasema Uarabuni mwizi hukatwa, na yeye kakatwa vidole, basi kaiba. Mwanzo aliwaeleza ilivyokuwa: kulikuwa na mto wa kuchimba, na daraja la matofali lililoletwa na meli kutoka Ulaya, na chumba cha maji kinachopandisha mashua. Walisikiliza mpaka mwisho, kisha wakatazamana. Shangazi yake akamwambia, "Mwanangu, kama umeiba sema umeiba, kuliko kutunga hivyo."

"Hata ningekuwa mimi nisingeamini," Salma akasema. "Sasa nimewaambia ni mlango wa gari. Gari wanalijua. Lakini kaka Idrisa ana wasiwasi, kwa nini nimebadilisha maneno. Nimempa namba yako. Akikupigia, dada, nakuomba."

1 Machi

Mwezi umeandama jana. Leo nimefuturu peke yangu, uji na tende za msikitini.

Idrisa alipiga nilipokuwa naosha kikombe. Sauti ya mtu mzima, mchovu, mwenye heshima. Aliniamkia, akanitakia mfungo mwema, akaniuliza hali ya kazi. Nikasema kazi ipo. Kisha akasema:

"Dada yangu, wewe hunijui na mimi sikujui. Lakini Salma anasema ulikuwepo. Mimi ndiye ninayelea watoto wake, na hawa watoto wanatukanwa shuleni. Amenipa hadithi mbili. Ya kwanza hata mtoto mdogo asingeikubali. Nakuuliza kwa mwezi huu mtukufu. Aliumia vipi?"

Nilikuwa na maneno yote. Nilikwishayasema mbele ya mtu wa miwani, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yakanipeleka vyooni na kumpeleka Carolyne kwenye vitunguu. Yalikuwa tayari, yamenyooka, na yote ni kweli.

"Gari," nikasema. "Ni mlango wa gari, kaka. Nilikuwepo."

Nilisikia watoto nyuma yake, na mwanamke mmoja anawaambia wanawe mikono kabla ya kula.

"Alhamdulillahi," akasema Idrisa. "Gari. Basi afadhali."